Mzigo Umefika; Je, Umemfikia Mwenyewe?

Miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu wa Kiswahili huyafundisha kila mwaka pasipo kuyatafakari sana ni kitenzi 'fika' pamoja na jamaa zake. Twawaeleza wanafunzi kwamba mtu hufika, kwamba jambo humfikia mtu, na kwamba mjumbe hufikisha habari. Twaandika mifano mitatu ubaoni, twaifuta, twaendelea na somo. Lakini ndani ya tofauti ya vitenzi hivyo limejificha swali la haki, nalo huwapata watu wengi wa nchi hii, hasa wale wasio na gari. Karani wa bohari apigapo simu na kusema, "Mzigo wako umefika," asema kweli. Mwenye mzigo, aliye umbali wa kilomita mia na zaidi, akijibu kwamba haujamfikia, yeye pia asema kweli. Kati ya kweli hizo mbili pana barabara, na katika makala haya twataka kuuliza: barabara hiyo ni ya nani?

Tuchukue mfano mmoja. Ni mfano wa kubuni, lakini umeshonwa kwa vipande ambavyo kila mwalimu wa wilayani amekwisha kuviona. Mwalimu wa shule ya sekondari karibu na mji wa Iganga, mashariki ya Uganda, ametumiwa kamusi kumi kutoka Nairobi. Tangu mtaala wa kidato cha kwanza na cha pili ulipobadilishwa mwaka 2020 na Kiswahili kikawa somo la lazima katika madarasa hayo, kamusi kumi ni mali kubwa shuleni. Mtumaji amelipia kifurushi hadi mlangoni. Lori litokalo mpakani, Busia au Malaba, likielekea Kampala, hupita Iganga. Kwa hiyo kamusi zile zilipita mbele ya mji wa mwalimu usiku wa manane, naye amelala. Zikaenda hadi Kampala, zikapangwa, zikatiwa katika gari dogo, zikarudishwa mashariki kwa njia ile ile. Gari lilifika shuleni Jumamosi alasiri, lango limefungwa. Mpelekaji alipiga simu mara moja. Mwalimu alikuwa mazishini na simu ameizima, kama adabu itakavyo. Gari likageuka. Jumatatu ikaja habari: kifurushi kipo bohari, katika eneo la viwanda la Namanve, kando ya barabara kuu ya Kampala na Jinja, kichukuliwe katika muda wa siku tano, na baada ya hapo ada ya bohari itahesabiwa kila siku.

Mwenye gari angeondoka alfajiri na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Asiye na gari huanza kwa kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, naye mwalimu mkuu hutazama ratiba na kukunja uso. Kisha bodaboda hadi barabara kuu. Kisha teksi hadi Jinja (teksi zetu ndizo matatu za Nairobi na daladala za Dar es Salaam). Kisha nyingine ya kuvuka mto Nile na kuukaribia mji mkuu, ambayo haitaondoka mpaka kiti cha mwisho kijae. Ashukapo Namanve hukuta njia zilizotengenezwa kwa ajili ya malori. Hazina kibao cha kumwelekeza mwenda kwa miguu, wala kivuli, wala pa kukwepea vumbi. Na akisha kulifikia dirisha la karani ataulizwa kitambulisho cha taifa. Nacho kina jina lake la ubatizo, ilhali juu ya kifurushi pameandikwa "Mkuu wa Idara ya Kiswahili". Tukijaalia kwamba mambo yote yatakwenda vyema, bado kamusi kumi zitapaswa kubebwa begani hadi barabarani. Madarasa manne yamekaa siku hiyo bila mwalimu. Wala hakuna hata kimoja katika vitu hivyo, nauli, siku, madarasa, bega, kinachoonekana katika hesabu za kampuni. Katika vitabu vyake kifurushi kilifika tangu Ijumaa.

Watu wakisikia masimulizi ya namna hii hujibu upesi kwa methali: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi twaipenda methali hiyo, na twaamini ni ya haki mahali pake. Lakini yafaa kuangalia kwamba haisemi ni nani aliyekiweka kitu mvunguni. Mtu aliyekiweka mwenyewe, au aliyejua tangu mwanzo kwamba atakacho kimo mvunguni, na ainame bila kinyongo. Ama yule aliyelipiwa aletewe mezani, kisha mwandazi akamkuta ametoka kunawa mikono, akakisukuma chakula mvunguni kwa mguu, huyo akiinama huinama kwa sababu ya njaa. Haifai kumsomea methali hali yu magotini.

Hapo ndipo tunapoona shina la jambo. Umbali peke yake si dhuluma. Sisi sote tumekulia katika utaratibu wa sanduku la posta. Tangu zama za ukoloni, na wakati wa Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki lililovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, na hata baada yake, barua katika nchi zetu hazikuwa na desturi ya kutembea hadi nyumbani kwa mtu. Zilikwenda mjini zikakaa katika S.L.P., na mwenyewe akazifuata. Shule nzima ilitumia sanduku moja, ufunguo ukawa mfukoni mwa mwalimu mkuu au tarishi, na wengi wetu tulizipata barua zetu zimechelewa wiki mbili na kona zimekunjika. Hata hivyo hatukusema kwamba tumedhulumiwa. Mapatano yalikuwa wazi: posta huchukua barua mpaka mjini, nawe hutoka kijijini mpaka mjini, mkakutana. Kila mtu alilijua fungu lake la barabara kabla ya stempu kubandikwa, na bei ya stempu ilikuwa ni ya fungu la posta tu.

Kampuni za siku hizi zimekuja na ahadi nyingine. Zimesema zitafika mlangoni, na kwa ahadi hiyo zimetoza bei ya mlangoni. Zinapogeuka langoni baada ya simu moja na kurudi bohari, zimerudi na kifurushi, na pia zimerudi na sehemu ya bei ambayo kazi yake haijatimia. Mtu anaweza kusema: lakini gari lilikwenda, petroli ilitumika, je, kampuni ilipwe mara ngapi? Hoja hiyo ina uzito, nasi hatutaki kuipita kwa haraka. Ni kweli kwamba mpokeaji naye ana wajibu wake. Akiwa aliambiwa siku na saa, akakubali, kisha akaenda matembezini, gharama ya safari ya pili ni yake. Lakini katika mfano wetu hakuna aliyemwambia siku wala saa. Kumkosa mtu ambaye hukumwarifu kwamba utakuja ni jambo la bahati, na bahati mbaya ya mfanyabiashara haiwezi kuitwa uzembe wa mteja.

Swali la nani aibebe gharama ya njia si geni duniani. Nchini Uingereza, kabla ya mwaka 1840, aghalabu aliyelipia barua alikuwa ni yule aliyeipokea, tena kwa kadiri ya umbali. Maskini aliyeletewa habari za mwanawe mlangoni aliweza kuirudisha barua bila kuifungua, kwa kuwa hana fedha. Rowland Hill aliandika kijitabu mwaka 1837 akipendekeza kwamba mtumaji alipe kwanza, tena senti moja ya Kiingereza kwa barua nyepesi kokote iendako katika nchi, na miaka mitatu baadaye jambo hilo likawa sheria ya posta. Watu hukumbuka stempu iliyozaliwa hapo. Sisi twaona kwamba jambo kubwa zaidi lilikuwa kuondoa umbali katika bei, yaani kukubali kwamba mtu wa mbali asiadhibiwe kwa kuwa mbali.

Marekani nayo ilichelewa kwa namna yake. Watu wa miji waliletewa barua nyumbani, lakini wakulima walifunga farasi wakaenda mjini kuzifuata, mpaka huduma ya bure ya mashambani ilipojaribiwa mwaka 1896, kuanzia West Virginia. Vifurushi vya posta vikafuata tarehe 1 Januari 1913. Mambo mawili katika habari hiyo yanatuhusu. La kwanza ni kwamba posta ilidai barabara ipitike kabla ya kupeleka mjumbe, na hivyo wenyeji wa sehemu nyingi wakalazimika kuzitengeneza. Barabara zikafuata barua. La pili ni kwamba wafanyabiashara wa miji midogo walikuwa miongoni mwa waliopinga. Mkulima aliyekuja kuchukua barua alinunua pia misumari na sukari, na wao hawakutaka aache kuja. Yafaa tukumbuke hilo kila tunaposikia kwamba mpango fulani hauwezekani. Kuna watu ambao hunufaika na miguu ya wengine, na hao mara nyingi ndio wa kwanza kusema kwamba kutembea ni afya.

Hapa kwetu, lugha yenyewe imeweka kumbukumbu ya fungu la barabara lisilo na mwenyewe. Neno 'bodaboda' linasemekana na wengi kuzaliwa mpakani mwa Uganda na Kenya, huko Busia, katika miaka ya 1960 na 1970. Basi la upande mmoja lilikomea upande wake, nalo la upande wa pili kwake, na katikati palibaki kipande ambacho hakikuwa cha basi lolote. Vijana wenye baiskeli walikiona kipande hicho, wakaweka mto juu ya kibebeo cha nyuma, wakawa wanawaita abiria: boda, boda. Leo neno hilo limeenea Afrika ya Mashariki yote, na baiskeli zimekuwa pikipiki. Twawasifu vijana wale. Lakini tusisahau kwamba abiria alilipa mara mbili, na kwamba biashara nzima ilisimama juu ya pengo ambalo wakubwa wa pande zote mbili hawakuliona kuwa lao.

Turudi bohari. Mtetezi wa kampuni atasema kwamba kanuni ya siku tano ni ya haki kwa sababu ni moja kwa wote: tajiri na maskini, wa Kampala na wa Iganga, wote siku tano. Hii ndiyo hoja ambayo hutaabisha sana akili, maana ina sura ya usawa. Aristotle, katika kitabu chake cha maadili, alipoeleza kwa nini sheria iliyo moja kwa wote yahitaji kusahihishwa na uadilifu, alitumia mfano wa kipimo cha risasi cha wajenzi wa Lesbos, ambacho kilikuwa laini na kulifuata umbo la jiwe badala ya kubaki kimenyooka. Siku tano ni kipimo cha chuma. Kwa mtu mwenye gari, siku tano ni nafasi tano za kuchagua. Kwa mwalimu wetu ni Jumatatu ya kupokea habari, Jumanne ya kuomba ruhusa, Jumatano ya kutafuta nauli, Alhamisi ya mtihani wa kidato cha nne, na Ijumaa ya kukimbia. Akikosa Ijumaa, ada huanza. Na ada hiyo, tofauti na nauli, haimletei hata hatua moja karibu na mzigo wake.

Tungependa kusema neno juu ya karani, kwa kuwa hasira nyingi humwangukia yeye. Karani wa bohari hakuchagua Namanve. Bohari iliwekwa huko kwa sababu viwanja ni vikubwa, malori hugeuka bila taabu, na barabara kuu ipo karibu. Ni sababu nzuri, nasi hatuzibezi. Naye karani kwa kawaida hana gari. Ameamka saa kumi na moja, amepanda teksi mbili, na vumbi lililo katika viatu vya mwalimu ndilo lililo katika viatu vyake. Watu wawili wenye vumbi moja husimama pande mbili za dirisha wakigombana kwa sababu ya kanuni ambayo haikuandikwa na yeyote kati yao. Aliyeiandika ana maegesho yake.

Wapo wenzetu watakaotuambia kwamba tumelikuza jambo dogo, kwa kuwa jamii zetu zina dawa yake ya kale. Jirani mwenye gari huombwa. Mwalimu mkuu aendapo Kampala kwa mkutano wizarani hupewa karatasi ya idhini. Dereva wa teksi tunayemfahamu huleta mzigo akapewa ya chai. Zamani kifurushi kilitiwa mkononi mwa msafiri, kikaitwa amana, na msafiri hakujihesabu amefika mpaka amekikabidhi kwa mwenyewe au kwa mtu wa nyumbani kwake. Hayo yote ni kweli, na ni mema. Lakini angalieni linalotokea kampuni inapoyategemea mema hayo bila kuyataja. Gharama yake imegeuka kuwa fadhila kati ya watu wa kijiji kimoja. Mwalimu aliyebebewa kamusi na mwalimu mkuu hatakuwa huru sana kumpinga katika kikao cha wiki ijayo. Deni la fadhila halina stakabadhi wala tarehe ya kwisha. Ni deni tukufu pale mtu anapolichukua kwa hiari. Si halali kwa kampuni kulitwisha kichwani mwa mtu ili ipunguze petroli yake.

Na kuna ajabu nyingine. Msafiri wa zamani asipomkuta mwenyewe aliuacha mzigo kwa jirani, akijua kwamba jirani ataona aibu kuupoteza. Kampuni hairuhusu jambo hilo, kwa kuogopa wizi na madai. Hatuilaumu, tumeona vitabu vya shule vikiuzwa vijiweni. Ila basi inamkataza jirani kupokea mzigo langoni, kisha inamtarajia jirani huyo huyo kumpa mwenye mzigo gari la kwenda kuufuata. Haiwezekani kumshuku mtu Jumamosi na kumtegemea Jumatatu.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la bei. Ikiwa kampuni italazimishwa kurudi mara ya pili na ya tatu katika kila kilima, bei itapanda, na watakaoilipa ni hao hao wa wilayani tunaowatetea, au kampuni itaacha kabisa kwenda huko. Twakiri kwamba hatari hiyo ipo. Kwa sababu hiyo hatusemi kwamba kila kifurushi lazima kifikishwe mlangoni. Tunachodai ni kwamba fungu la mwisho la barabara liwe na mwenyewe, ajulikane kabla ya malipo, na asiwe ametupiwa kwa siri. Kampuni isiyoweza kufika mlangoni iseme, 'Tutafika Iganga mjini,' na itoze bei ya Iganga mjini. Mwalimu atakwenda Iganga siku ya soko, kama alivyokuwa akienda kwa sanduku la posta, wala hatakuwa na neno.

Yapo mambo mengine ambayo hayahitaji fedha nyingi. Siku tano zihesabiwe tangu siku mwenyewe alipojibu simu, badala ya kuhesabiwa tangu kifurushi kilipowekwa rafuni. Simu ipigwe siku moja kabla ya safari, siyo mbele ya lango lililofungwa. Barua ya idhini yenye muhuri wa shule ikubaliwe dirishani. Mabasi mengi hupokea vifurushi na kuviteremsha katika miji iliyo njiani. Njia hiyo ni ya polepole kidogo na karatasi zake ni chache, lakini humshushia mtu mzigo mahali ambapo miguu yake hufika.

Nasi wenyewe, kama chama, tunao wajibu upande wa utumaji, maana vitabu vingi vinavyopotelea mabohari vilitumwa na wenzetu wa Nairobi na Dar es Salaam kwa moyo safi. Mtumaji huandika anwani kama aionavyo katika barua ya shule, hulipa, akajihesabu amemaliza. Na aulize kwanza: shule hufungwa lini? Simu ya mchana hupokewa na nani? Lipo duka au kanisa au msikiti kando ya barabara kuu ambao watu wake mwawaamini? Anwani na iandikwe kwa jina lililo katika kitambulisho, siyo kwa cheo. Na yaandikwe majina mawili badala ya moja, kila jina na namba yake ya simu, ili wa kwanza akiwa mazishini wa pili awe na haki ya kutia sahihi.